Jukwaa, Mfumo na Programu: Istilahi za Ubishani juu ya Kompyuta

Utangulizi

Katika maduka ya Michenzani, mjini Unguja, mahali panapouzwa au kutengenezwa kompyuta hapakosi ubishani. Mmoja hushikilia kwamba kompyuta ya kazi ni Windows. Wa pili hujibu kwamba aliyekwisha kuzoea Mac hawezi tena kurejea alikotoka. Wa tatu, aghalabu kijana aliyetoka chuoni karibuni, huwaambia wote wawili kwamba wanatoa fedha kwa kitu ambacho Linux ingewapa bila ya malipo. Ubishani huo una raha yake, kama ulivyo ule wa mpira, na si kazi ya jarida hili kumtafuta mshindi. Lakini msikilizaji mwenye makini ataona kwamba watu watatu hao hawazungumzii kitu kimoja. Wa kwanza amekusudia mfumo unaoiendesha mashine. Wa pili amekusudia mashine pamoja na mfumo wake. Wa tatu anazungumzia bei na haki ya kutumia. Neno walilolitumia wote ni moja: kompyuta.

Kasoro hii ingekuwa ndogo lau ingebaki dukani. Mwalimu huichukua akaipeleka skuli, mfasiri akaitia katika mwongozo, na mtumishi wa Serikali akaiandika katika barua ya kuomba vifaa. Tuchukue mfano wa afisa aliyeandika kwamba idara yake inahitaji "kompyuta kumi za Windows zenye Ofisi". Muuzaji anaweza kuisoma sentensi hiyo kwa njia tatu: kwamba atoe mashine zinazoweza kuupokea mfumo huo tu, kwamba mfumo uwe umekwisha kuwekwa pamoja na leseni yake halali, au kwamba atie na programu za kuandikia barua na kupigia hesabu, ambazo huuzwa kwa leseni nyingine kabisa. Tofauti ya bei baina ya njia hizo si ndogo, na fedha zinazotumika ni za umma.

Makala haya yana shabaha ya kueleza vitu vinavyobishaniwa, kupima hoja zinazotolewa, na kupendekeza istilahi ambazo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa Serikali wanaweza kuzitumia bila ya kupotezana. Mapendekezo yaliyomo ni ya mwandishi na yanatolewa ili yajadiliwe.

1. Vitu vitatu chini ya jina moja

Kwa kuwa tumetaja Michenzani, na tuyatazame maghorofa yake marefu, ambayo ujenzi wake ulianza katika enzi ya Mzee Abeid Amani Karume baada ya Mapinduzi ya 1964. Ghorofa lina kuta, sakafu na dari. Hicho ni kitu cha kwanza. Ndani ya kuta hizo mna mabomba ya maji, nyaya za umeme, ngazi, na utaratibu wa nani atumie nini na wakati gani. Hicho ni kitu cha pili. Kisha mna wakaazi: huyu mshoni, yule mwalimu, mwingine mwenye duka. Hao ni kitu cha tatu. Mkaazi hachimbi kisima chake mwenyewe katika ghorofa ya tano. Hufungua bomba, na mabomba ya jengo yakamletea maji.

Kompyuta nayo ndivyo ilivyo. Vitu vyote vinavyoshikika kwa mkono, yaani kichakataji, kumbukumbu, diski, skrini, kibodi na kipanya, ni maunzi. Programu inayovigawa vitu hivyo na kuvisimamia, ikaamua nani apewe nafasi ya kumbukumbu na nani angoje, ni mfumo endeshi. Na programu anazozitumia mwenye kompyuta kwa kazi zake, kama vile kuandika barua, kupiga hesabu au kuchora ramani, ni programu tumizi. Programu tumizi haiigusi diski moja kwa moja. Huuomba mfumo endeshi, nao ukaitimizia haja yake.

Yafaa hapa kueleza kwa nini programu iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja kwa kawaida haifanyi kazi katika mwingine. Sababu si ubovu wa programu wala wa mashine. Plagi ya meno mawili ya mviringo haiingii katika soketi ya matundu matatu ya mraba tuliyoizoea nchini, ingawa umeme ni ule ule na feni ni nzima. Kila mfumo endeshi una namna yake ya kuombwa, na programu iliyofundishwa kuomba kwa namna moja haieleweki kwingine mpaka iundwe upya au iwekewe kiunganishi cha kati.

Kuhusu maumbo ya istilahi hizi, maunzi ni neno lenye ukoo mwema katika lugha. Kama vile penda lilivyozaa mapenzi, ndivyo unda lilivyozaa maunzi, na kuunda ni kitenzi ambacho watu wa pwani wamekitumia kwa vyombo vya baharini karne nyingi kabla ya kompyuta. Mfumo endeshi na programu tumizi ni jozi inayooana kwa umbo, na kwa sababu hiyo tunauchagua mfumo endeshi mbele ya mfumo wa uendeshaji, ingawa huu wa pili si makosa. Mwanafunzi akikutana na endeshi upande mmoja na tumizi upande wa pili hufahamu papo hapo kwamba kimoja huendesha na kingine hutumiwa.

2. Jina la kitu kinachobishaniwa

Sasa tumpate mshitakiwa mwenyewe. Watu wanapobishana kuhusu Windows, Mac na Linux, kwa hakika hubishana juu ya maunzi pamoja na mfumo endeshi wake, vikihesabiwa kuwa kitu kimoja kinachobeba programu tumizi. Kitu hicho kimekuwa kikiitwa jukwaa.

Je, jukwaa lafaa? Katika matumizi ya siku zote jukwaa ni mahali palipoinuliwa pa kusimamia wasemaji au waigizaji. Wakulima wa mpunga nao wana dungu na ulingo, yaani jukwaa la miti ambalo mwenye shamba hupanda juu yake kwa ajili ya kuamia ndege. Katika maneno yote hayo mna fikra ya kitu kilichosimama chini kikimbeba mwingine ambaye ndiye mwenye kazi. Fikra hiyo yaafikiana barabara na maana tunayoitaka, kwani programu tumizi husimama juu ya maunzi na mfumo endeshi, na pasipo hivyo haina pa kusimama.

Udhaifu wa neno hili ni kwamba limekwisha kupewa kazi nyingi. Huitwa jukwaa pale watu wanapokutana kujadiliana, na huitwa jukwaa pia mtandao wa kijamii. Mtu akisema "jukwaa letu limefungwa", msikilizaji hajui kama ni ukumbi wa mazungumzo au ni kompyuta. Maneno mengine yaliyo karibu nayo yana matatizo makubwa zaidi. Ulingo umeshikwa na wapiganaji wa ndondi, na baada yao wanasiasa. Msingi ungetuletea msingi wa kompyuta, na misingi ya kompyuta tayari ni jina la somo la wanaoanza kujifunza.

Miongoni mwa vigezo tisa vya kuundia istilahi alivyovikusanya mtaalamu wa Uganda, Kiingi, vimo usahihi, ufupi, uangavu, uwezo wa kuzaa maneno mengine, na kukubalika kwa watumiaji. Jukwaa limeshinda katika vinne na limeyumba katika usahihi. Dawa ya kuyumba huko ni kulipa kivumishi au kihusishi cha kulifungia maana: jukwaa la kompyuta kwa maana yetu, na jukwaa la mjadala kwa ile nyingine. Aidha, kwa programu inayofanya kazi katika zaidi ya jukwaa moja twaweza kusema programu ya majukwaa mengi, msemo ambao haumhitaji msomaji kufunua kamusi.

3. Majukwaa matatu na asili zao

Jukwaa la kwanza lilitokana na kompyuta ya IBM iliyotolewa nchini Marekani mwezi wa Agosti 1981. IBM iliiunda kwa vipande ambavyo makampuni mengine nayo yaliweza kuvinunua, na Microsoft, iliyotoa mfumo endeshi, ilibaki na haki ya kuwauzia wengine. Haukupita muda mrefu makampuni mengi yakawa yanaunda mashine zilizoweza kuendesha programu zile zile, na bei ikashuka kwa mashindano. Windows yenyewe ilitoka mara ya kwanza mwaka 1985, na baada ya Windows 95, ya mwaka 1995, ikaenea katika ofisi za ulimwengu mzima.

Jukwaa la pili ni Macintosh ya Apple, iliyotolewa mwezi wa Januari 1984. Hapa kampuni moja hutengeneza maunzi na mfumo endeshi pamoja, na haimruhusu mwingine kuuza mfumo huo juu ya mashine yake. Historia ya jukwaa hili yatufundisha jambo la kiistilahi. Apple ilibadilisha aina ya vichakataji mwaka 1994, ikabadilisha tena mwaka 2006 kwa kuchukua vya Intel, na mwaka 2020 ikaanza kutumia vya kwake yenyewe. Mara zote hizo watu waliendelea kuiita Mac. Hii yaonyesha kwamba jina la jukwaa halifungwi na kipande kimoja cha maunzi, na ndiyo maana haitoshi kusema jukwaa ni aina ya mashine.

Jukwaa la tatu lina wazazi wengi. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza huko Marekani mradi wa GNU, uliokusudia kuunda mfumo ambao kila mtu angekuwa na haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliandika kiini cha mfumo endeshi kilichokuja kuitwa Linux. Viwili hivyo vilipounganishwa ulipatikana mfumo kamili, ambao hugawanywa na makundi mbalimbali kwa majina mbalimbali. Mojawapo ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo, kwani ni ndugu wa neno letu utu.

Wapo wanaosema kwamba Linux haitumiki hapa petu. Kauli hiyo haina ukweli kamili. Simu zinazotumia Android, ambazo zimejaa mikononi mwa wananchi, zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Mtu anayebeba simu hiyo mfukoni huku akiapa kwamba hajawahi kuigusa Linux anahitaji istilahi kabla ya kuhitaji hoja.

4. Ubora na uenezi

Hoja inayosikika mara nyingi kuliko zote ni hii: kama jukwaa fulani lisingekuwa bora, watu wasingelitumia kwa wingi. Wanafunzi wa lugha wana mfano wa karibu wa kuipimia.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo katika nchi za Afrika Mashariki. Waliokuwa wakiitetea Kimvita walikuwa na hoja nzito. Kimvita kilikuwa na hazina kubwa ya ushairi, na hakuna mwenye elimu aliyeweza kusema kwamba lahaja ya Muyaka bin Haji haina ufasaha. Lakini Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusafiri na misafara ya biashara hadi bara, na waliokielewa walikuwa wengi na wametawanyika mbali. Uenezi ndio uliotoa uamuzi. Sisi wa Unguja tuna kila sababu ya kulifurahia jambo hilo, lakini hatuna haki ya kulifasiri kuwa ni ushahidi wa ubora wa asili.

Windows nayo ilienea kwa sababu ya kuuzwa pamoja na mashine za makampuni mengi, bei za mashine hizo kuwa nafuu, na kila programu mpya kuandikwa kwanza kwa ajili yake. Uenezi huo una faida ya kweli, wala haupasi kudharauliwa. Mwenye kompyuta ya Windows Unguja hupata fundi kwa urahisi, hupata vipuri, na hupata mwenzake wa kumwuliza. Hizi ni faida za ujirani. Zinategemea walio karibu nawe wanatumia nini, na zinaweza kugeuka majirani wakibadilika. Kwa hiyo twapendekeza kutenganisha istilahi mbili ambazo wabishani huzichanganya: ubora wa jukwaa, yaani sifa lililo nazo lenyewe, na uenezi wa jukwaa, yaani idadi ya wanaolitumia na huduma zinazofuatana na wingi huo.

5. Hoja nne na uzito wake

(a) Virusi. Husemwa kwamba Mac haishiki virusi. Mwezi wa Aprili 2012 iligunduliwa kwamba programu haribifu iliyoitwa Flashback ilikuwa imeingia katika Mac zipatazo 600,000. Kwa upande wa Windows, mwezi wa Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilizifunga kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Kila jukwaa limepata kuambukizwa. Lililoenea zaidi huwavutia waharibifu zaidi, na lisilofanyiwa masahihisho ya usalama huumia kwanza. Aidha, neno virusi lafaa liachiwe aina moja tu, ile inayojinakili kutoka faili hadi faili. Jina la jumla liwe programu haribifu. Daktari hamwiti kila mgonjwa kuwa ana malaria, na mfasiri asiiite kila programu haribifu kuwa ni virusi.

(b) Bei. Hapa Kiswahili kina neema ambayo wasemaji wa Kiingereza wameikosa. Neno lao moja hubeba maana ya uhuru na maana ya kutolipa, na watetezi wa Linux wamelazimika kulieleza kwa miongo mingi. Sisi tuna huru na tuna bure. Programu huru ni ile inayompa mtumiaji haki ya kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa, hata kama ameinunua. Programu ya bure ni ile isiyolipiwa, hata kama mwenyewe amekataza isifunguliwe. Mfasiri anayeandika bure mahali pa huru ameitupa neema hiyo, na zaidi ya hayo amemdanganya msomaji, kwani mafunzo, ufundi na muda wa watumishi hugharimu fedha katika kila jukwaa.

(c) Umri wa matengenezo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa walioingia katika mpango wa nyongeza wa muda. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai maunzi yenye kifaa maalumu cha usalama na vichakataji vya karibuni, kiasi kwamba mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi, ijapokuwa zingali nzima. Jambo hili latuhusu kwa namna ya pekee, kwa kuwa kompyuta zilizotumika ng'ambo huletwa na kuuzwa hapa nchini. Mwenye mashine ya aina hiyo ana njia kadhaa: kununua nyingine, kuendelea bila ya kinga, au kuiwekea mfumo endeshi wa Linux, ambao mara nyingi hukubali maunzi ya zamani. Njia ya mwisho huokoa mashine, lakini ofisi inayotegemea programu ya hesabu iliyoandikwa kwa Windows pekee haiwezi kuifuata kabla ya kuipatia programu hiyo badala yake. Hapa mwenye kufahamu tofauti ya maunzi na mfumo endeshi ataamua kwa akili. Asiyeifahamu ataambiwa kwamba "kompyuta imekwisha", naye ataitupa.

(d) Faili. Mashine huishi miaka michache, lakini hati ya ardhi, cheti au daftari la wanafunzi huhitajika kwa miongo mingi. Swali lenye uzito kuliko jukwaa, kwa hiyo, ni umbizo la faili, yaani utaratibu unaofuatwa katika kuyahifadhi maandishi ili programu iweze kuyasoma tena. Umbizo lililochapishwa hadharani na kukubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa huitwa umbizo wazi. Umbizo la ODF lilikubaliwa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 2006, na lile la OOXML, lililotokana na Microsoft, mwaka 2008. Ofisi inayohifadhi hati zake kwa umbizo wazi inaweza kubadilisha jukwaa pasipo kupoteza kumbukumbu zake. Wabishani wa dukani ni nadra kulitaja jambo hili, na huenda ndilo lenye faida kubwa kwa mtumishi wa umma.

6. Kiswahili juu ya majukwaa

Tumefika penye jambo linalolihusu zaidi jarida hili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu huru za ofisi zilizowekwa katika Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft ilitangaza mpango wake wa kuiweka Windows na programu zake za ofisi katika Kiswahili, na baadaye kifurushi cha lugha kikatolewa. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lugha ambayo wengine waliiona kuwa ya nyumbani na sokoni ilikubalika kuwa lugha ya mashine.

Lakini miradi hiyo ilikuwa tofauti, na kila mmoja ulihitaji orodha yake ya maneno. Tangu hapo jambo moja huitwa kwa majina mengi. Pana folda, kabrasha na jalada. Pana nywila na nenosiri. Pana kivinjari na kisakuzi. Pana kuingiza, kupachika na kuchopeka. Mashine yenyewe ni kompyuta kwetu, na ni tarakilishi katika skuli nyingi za Kenya. Isitoshe, katika orodha ya lugha za Windows Kiswahili kilikaa kwa muda mrefu chini ya jina la Kenya pekee, jambo ambalo si la kuwalaumu jirani zetu, ila laonyesha kwamba anayejitokeza mapema ndiye anayeandikwa.

Wingi wa visawe si dhambi katika fasihi; mshairi huuhitaji kwa ajili ya vina. Katika amri za mashine ni mzigo. Mwanafunzi wa skuli ya Unguja aliyefundishwa kwamba hati hutiwa katika kabrasha, akahamia chuo chenye jukwaa jingine na kuambiwa atafute jalada, hudhani kwamba ni kitu kigeni. Akishindwa mara mbili au tatu huirejesha mashine yake katika Kiingereza, na hapo kazi yote ya kutafsiri huwa imekwenda na maji. Kwa hakika walio wengi hawakuwahi hata kukifungua Kiswahili hicho, na mojawapo ya sababu ni kwamba hawakufundishwa maneno yake popote.

Pana funzo hapa kwa wanaistilahi. Zamani baraza lilichapisha orodha, orodha ikaingia vitabuni, na vitabu vikaingia skuli. Siku hizi neno linaloandikwa kwenye skrini humfikia mtumiaji kabla ya kitabu. Baraza linalongoja programu itoke ndipo lihakiki maneno yake litakuta watu wamekwisha kuyazoea au wamekwisha kuyakataa. Yapasa istilahi ziwe tayari kabla, na ziwe mali ya lugha wala si mali ya jukwaa moja.

7. Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, mwandishi anapendekeza haya yafuatayo.

Kwanza, jina la biashara lisitumike kuwa istilahi. Windows ni mfumo endeshi. Si kila mfumo endeshi ni Windows. Barua ya kuagiza vifaa itaje maunzi yanayohitajika, mfumo endeshi, programu tumizi, leseni ya kila kimoja, na umbizo la faili, kila kitu katika mstari wake. Ikilazimu kutaja jina la biashara, lifuatwe na maneno "au kilicho sawa nacho", kama inavyofahamika katika taratibu za manunuzi ya umma.

Pili, walimu wafundishe tendo kabla ya jukwaa. Mwanafunzi ajue kuhifadhi, kunakili na kuhariri ni nini, kisha aonyeshwe jinsi kila jukwaa linavyolifanya tendo hilo.

Tatu, mabaraza ya lugha ya Tanzania Bara na Zanzibar, pamoja na wenzao wa Kenya, wakubaliane juu ya orodha moja fupi ya amri za msingi, na orodha hiyo itolewe bila ya masharti kwa kila mwenye kutafsiri programu, awe kampuni kubwa au kundi la vijana wa kujitolea. Mahali ambapo nchi mbili zimekwisha kushika maneno mawili, kama kompyuta na tarakilishi, yatajwe yote mawili na lililoenea zaidi liandikwe kwanza.

Hapa chini zimo istilahi zilizotumika katika makala haya, pamoja na maana zake, ili wasomaji wazipime.

Jukwaa la kompyuta: maunzi pamoja na mfumo endeshi wake, vikihesabiwa kuwa kitu kimoja kinachobeba programu tumizi.

Maunzi: sehemu zote za kompyuta zinazoshikika.

Mfumo endeshi: programu inayosimamia maunzi na kuzigawia programu nyingine nafasi ya kuyatumia.

Programu haribifu: programu yoyote iliyokusudiwa kudhuru, virusi ni aina yake moja.

Programu huru: programu ambayo mtumiaji ana haki ya kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa.

Programu ya bure: programu isiyolipiwa, iwe huru au isiwe.

Programu tumizi: programu anayoitumia mtu kwa kazi yake.

Ubora wa jukwaa: sifa lililo nazo jukwaa lenyewe.

Uenezi wa jukwaa: wingi wa watumiaji wa jukwaa na huduma zinazofuatana nao.

Umbizo la faili: utaratibu wa kuhifadhi maandishi au takwimu katika faili, likichapishwa hadharani kwa wote huitwa umbizo wazi.

Wasomaji wenye maneno bora zaidi, khasa mafundi na walimu ambao huyasikia maneno haya kila siku vinywani mwa watumiaji, wanaombwa wayalete pamoja na mifano ya sentensi yalimotumika.